Jenerali Aliyepakwa Rangi

Mpaka leo, runinga ikianza kuonyesha wanajeshi wa zamani wa Kifaransa, na makoti yao ya vifungo na farasi wao, naomba remoti. Sina ugomvi na Wafaransa. Ugomvi wangu ni wa jenerali wao mmoja, na masikini ya Mungu hakunikosea chochote, alikufa zamani sana.

Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa saa kumi na mbili kila siku, nimesimama kati ya mlango na lifti. Nilikuwa nakaribia kutimiza miaka miwili Doha. Nilipoondoka Morogoro mke wangu alikuwa mjamzito, kwa hiyo binti yetu nilimjua kwa picha na kwa kelele zake kwenye simu. Likizo yangu ya kwanza ilikuwa imefika, wiki sita, tiketi ya kampuni. Nilishamnunulia mtoto gauni, kipimo cha kubahatisha.

Ghorofa ya nne alikaa bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta waigizaji wa tamthilia ya Ramadhani, habari za Wafaransa walipoivamia Misri. Siku moja alisimama mbele yangu, akanikagua toka kofia hadi viatu, kisha akafungua kompyuta yake juu ya meza yangu. Ilikuwa picha ya kuchorwa ya mtu mweusi, mrefu, amevaa koti la jenerali wa Ufaransa, upanga kiunoni. Mama yake alikuwa mtumwa, alinieleza, na mwanawe baadaye akawa mwandishi mkubwa wa hadithi za watu wa panga. Inasemekana Wamisri walipomwona pembeni ya kamanda wake mfupi, yule aliyekuja kujivika taji, walidhani mkubwa wa msafara ni huyu mweusi.

"Wewe unajua kusimama," aliniambia. "Waigizaji wangu hawajui."

Maneno hayo yaliniingia. Karibu miaka miwili nimesimama pale, na hakuna aliyewahi kuniambia nasimama vizuri.

Nilipewa nafasi ya jenerali huyo, mistari minne ya kusema kwa Kiarabu cha vitabuni. Madrasa nilisoma, fimbo nilikula, kwa hiyo herufi za kooni nilizitoa bila taabu. Mwongozaji alinisikiliza akasema, "Mumtaz," vizuri kabisa. Kikwazo kikawa msimamizi wangu kazini. Alisema ruhusa ya wiki sita hakuna, labda nitumie likizo yangu, na nikiitumia nisubiri miaka miwili mingine.

Nikaitumia. Kosa ni langu na silifichi. Nilimpigia mke wangu nikamwambia nitakuja kwanza kwenye runinga, halafu nitakuja mwenyewe.

"Mtoto karibu ataanza kusema baba," alisema. "Akisema, nimwonyeshe nini?"

"Mwonyeshe jenerali," nikamjibu kwa majigambo, nikamtumia ile picha ya kuchorwa.

Mlinzi mwenzangu, Mkenya, alianza kunipigia saluti kila nikiingia zamu. "Buda, jenerali wa lifti! Ukitokea kwa TV usitusahau!" Halafu siku moja akaacha mzaha. "Lakini hiyo leave, msee, si ungeenda tu home uone mtoi?" Nilimwona ana wivu.

Picha zilipigwa kwenye mchanga upande wa Lusail, ambako siku hizo majengo yalikuwa bado machache. Siku ya tatu nilivaa lile koti. Sufu nzito, jua la Doha, jasho likateremka mpaka ndani ya buti, wala sikujali. Nilipanda farasi, nikasema mistari yangu mara mbili bila kukosea. Mwongozaji na mpiga picha wakainamia kioo cha kamera wakinong'ona. Baadaye bwana wa ghorofa ya nne akaja kunishika bega, macho yake yakiangalia kwingine.

"Habibi, rangi yako inasumbua kamera. Jua kali, uso hauonekani. Watu watamwona nani?"

Kesho yake akaletwa mwigizaji mwenye jina, mweupe. Akakalishwa kitini wakampaka rangi ya kahawia usoni, shingoni, mpaka viganja, na nywele za kipilipili wakambandika. Koti nililolilowesha jasho walilikunja mikono kwa sindano, maana alikuwa mfupi. Mimi nikapewa kanzu iliyochanika na kamba ya farasi wake. Mistari alikuwa anaisahau. Mara mbili aliniinamia kutoka juu akaniuliza neno linalofuata, nami nikamtajia.

Ningekwenda wapi? Likizo ilishaandikwa ya hapahapa Doha, bila tiketi, na pale mlangoni walishamweka mtu mwingine. Nilishika kamba wiki zote sita, na hasira yangu nikaimeza pamoja na vumbi. Baadaye nilisoma kwamba hata jenerali mwenyewe walimtumia, kisha wakamtupa, akafa fukara. Haikunifariji hata kidogo.

Nyumbani sikusema kitu. Ramadhani ilipofika nilirekodi kipande kwa simu, nikamtumia mke wangu, nikijiambia nitamweleza. Alinipigia baada ya futari.

"Nimekuona," alisema taratibu. "Uko chini, umeshika farasi."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akipiga kelele, baba, baba, baba.

"Anambusu yule wa juu," mke wangu akasema. "Kila siku namwonyesha ile picha, sasa kamwona anatembea. Nimwambie siye?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini niliona aibu, mtu mzima, kumwambia mtoto wa miaka miwili kwamba baba yake ni yule wa kamba.

"Mwache," nikasema.

Nilifika Morogoro akiwa na miaka mitatu na nusu. Aliniamkia kwa adabu, akapokea zawadi kwa mikono miwili, akala nami sahani moja. Jioni nilimsikia uani akimuuliza mama yake: "Huyu mjomba anaondoka lini? Baba akija atalala wapi?"