Mstari Usiosemwa Kwenye Mazoezi

Thelma Ackroyd ni mwanamke wa kukubali mambo. Alikubali magoti ya bandia, akakubali kuuza nyumba yenye ngazi, akakubali hata chai isiyo na sukari, jambo ambalo mimi nimelikataa mbele ya madaktari. Lakini alipoambiwa autamke mstari wa mwisho wa mchezo wakati wa mazoezi, alikaa kitako katikati ya jukwaa, kofia ya harusi mkononi, akasema hautamki hata wamkate ulimi.

"Sasa wakikukata ulimi, siku yenyewe utausemea wapi?" nikamuuliza.

"Noreen, usinichekeshe. Nina hasira."

Mimi na Thelma tunajuana tangu tulipokuwa wasichana wa safu ya nyuma katika Ukumbi wa Marina, uliojengwa juu ya nguzo baharini, hapa hapa kwetu pwani ya Yorkshire. Safu ya nyuma ni wale wanaocheza na kuitikia huku watu wote wakimtazama mwimbaji aliye mbele. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Sisi ndio tulikuwa hao wengi. Kiangazi cha mwaka sitini na tatu tulicheza humo Harusi ya Muuza Kofia, mchezo wa nyimbo uliopendwa hadi watu wakawa wanapiga miluzi ya nyimbo zake kwenye foleni ya samaki na chipsi. Halafu ukasahaulika, na sisi pia.

Mwaka huu akaja Saskia, mwongozaji kijana kutoka Leeds, akataka kuurudisha jukwaani. Alitutafuta sisi wa zamani tuliobaki hai, akatualika chai. Tulikwenda wachache, tukamaliza keki, na tukamdanganya sana. Mzee mmoja alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiimba sehemu ya bwana harusi, wakati nakumbuka vizuri kazi yake ilikuwa kushika farasi wa mbao. Lakini ya kweli pia tulimwambia. Tulimwambia jinsi bahari ilivyokuwa ikinguruma chini ya mbao maji yakijaa, hata katika wimbo wa taratibu ukawa unaisikia ikiitikia pamoja nasi. Tulimwambia jinsi tulivyopaka sabuni kwenye soksi zilizochanika ili tundu lisiendelee, na jinsi kofia zilivyonuka gundi. Nilipokuwa nikisimulia nikajikuta nalia, mimi ambaye sikulia hata kwenye mazishi ya mama mkwe. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na bado pua inakumbuka harufu yake.

Saskia akamsikiliza Thelma, akampa sehemu ya Bibi Kizee. Mimi nikapewa shangazi mlevi, na sikuuliza kwa nini.

Sehemu ya Bibi Kizee ni ndogo, ila yeye ndiye anayefunga mchezo. Harusi imekwisha, watu wanaondoka wawili wawili, wameshikana mikono, mpaka anabaki yeye peke yake kati ya viti na makofia. Anaokota kofia moja, anawageukia watazamaji, anasema: "Haya, na mimi nani atanirudisha nyumbani?" Pazia linashuka.

Huo ndio mstari. Naweza kuuandika sasa kwa sababu umekwisha kusemwa mbele ya watu. Katika mazoezi hausemwi. Sisi tuliolelewa na jukwaa tunajua kwamba mchezo haumaliziki mpaka waje watazamaji, na ukiumalizia mbele ya viti vitupu umeukatia riziki yake. Kwa hiyo ukifika hapo unasema upuuzi wowote. Thelma alikuwa akisema "kabichi, kabichi," kwa sauti ya huzuni kabisa.

Saskia alivumilia kabichi mpaka siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa nguo zote.

"Bi Thelma, leo nakuomba uuseme wenyewe," alisema kutoka kwenye viti. "Desmond wa pazia anahitaji kuusikia. Na mimi nahitaji kujua kama unaukumbuka."

"Naukumbuka."

"Jana ulisahau miwani yako ndani ya friji."

"Mwanangu, miwani hainihusu sana. Huu mstari ndio ulionioza mume."

Saskia akanitazama. Nikamwambia akae chini, hiyo hadithi ni ndefu, na Thelma alikuwa ameshakaa.

Mwaka ule Thelma alikuwa mbadala wa Bibi Kizee, ingawa alikuwa binti mdogo. Mwigizaji mwenyewe alikuwa mama mmoja mkali aliyeitwa Ottoline, ambaye hakuwa na tabia ya kuugua. Jioni moja akala samaki kwa pupa kabla ya onyesho, mwiba ukamkaa kooni. Tukamfunga Thelma mto tumboni, tukammwagia unga wa mchele kichwani, tukamsukuma jukwaani.

Pazia siku hizo lilivutwa kwa kamba, pembeni mwa jukwaa upande wa kushoto, na mwenye kamba alikuwa Wilf Ackroyd, mtoto wa mwoka mikate, kijana mkimya hata tukadhani hajui kuongea na wasichana. Kazi yake ilikuwa moja: akiusikia ule mstari, avute.

Thelma akasema mstari. Pazia halikushuka. Akasimama pale na mto wake tumboni, ukumbi kimya, na sisi pembeni tumeziba midomo. Wilf alikuwa ameishika kamba, anamtazama, mdomo wazi. Halafu akajibu. Kwa sauti, mbele ya mji mzima, akasema: "Kama huna mtu, nitakurudisha mimi!"

Watu walicheka, walipiga makofi, walipiga miguu chini. Meneja alikuja mbio amekuwa mwekundu kama kamba wa baharini aliyechemshwa. "We kijana! Kazi yako kamba, siyo mdomo!"

Na kweli alimrudisha nyumbani, wakipita kando ya bahari, Thelma akiwa bado na unga kichwani na upepo ukimpeperushia Wilf puani. Wakaoana. Maisha yao yote, Wilf akichelewa jambo, au akizidisha maneno kwenye meza ya watu, Thelma alikuwa akimwambia, "Wilf, kamba!" na sisi tunacheka. Alitaniwa kwa kamba ile mpaka wajukuu wakaijua. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Siku moja nitaivuta kwa wakati wake, mtaona."

Sasa Wilf yuko kwenye nyumba ya wazee kule mlimani, na ugonjwa wa kusahau umemmaliza. Alianza kusahau majina, akasahau nyumba, na tangu majira ya baridi amemsahau Thelma. Ni mpole, anamkaribisha, anamuuliza, "Umekuja kumtembelea nani, mama?" Thelma anamwambia, "Wewe," naye anashukuru kwa adabu, kama anavyoshukuru wanaomletea uji. Hilo la shukrani ndilo linalomuua rafiki yangu. Angemfukuza, afadhali.

Thelma alikuwa na tumaini moja. Alitaka Wilf aletwe kwenye onyesho la kwanza, asikie mstari ule ukisemwa na sauti ile ile, ukumbi ule ule. Aliamini kwamba kitu kitaamka.

"Shoga," nilimwambia wakati mmoja tukitoka kumwona, "kwa nini usimwambie huo mstari mle mle chumbani? Mlango umefungwa. Nani atajua?"

"Mwacha mila ni mtumwa."

"Mila gani? Kitanda na televisheni vitatusengenya?"

Akatembea mbele yangu mpaka kituo cha basi. "Nikimwambia chumbani akanitazama tu," alisema, "nitakuwa nimebakiwa na nini?"

Hapo nikaona kwamba haikuwa mila peke yake. Alikuwa ameutunza ule mstari kama mtu aliyebakiwa na njiti moja ya kiberiti, na anaogopa kuiwasha penye upepo. Nilimshika mkono na sikumtania tena mpaka nyumbani, na hiyo kwangu ni kazi kubwa.

Haya yote nilimweleza Saskia siku ile ya mazoezi ya mwisho, Thelma akinisahihisha kuhusu mto na unga. Nilipomaliza, Saskia alifuta macho kwa karatasi za mchezo.

"Basi tufanye kabichi," akasema. "Na huyo mume aje akae pale pale pembeni, upande wa kushoto."

"Kamba hakuna tena," Thelma akasema. "Sasa ni kitufe."

"Kamba hakuna, lakini mahali papo."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, kwa sababu watazamaji wetu jioni husinzia. Viti vilijaa. Nilicheza shangazi mlevi kwa ustadi ambao sitausemea mwenyewe, waliokuja wanajua. Katika wimbo wa taratibu maji yalikuwa yamejaa, na bahari ikaitikia chini ya mbao kama zamani. Nikaangalia safu ya nyuma, wasichana wale wenye vifundo vya miguu vizima, nikawaonea wivu, nikawapenda.

Wilf alikuwa ameletwa na muuguzi kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti na kofia yake bapa, blanketi magotini. Mchezo wote hakuonyesha kujali. Alitazama viatu vya watu wakipita. Nilipotoka jukwaani na mume wangu wa mchezo, katika wale wawili wawili, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Mbele yetu Desmond alikuwa na kidole juu ya kitufe.

Jukwaa likabaki la Thelma. Akaokota kofia. Usisahau, nikamwomba kimoyomoyo, usiseme kabichi.

Hakusahau. Aliwageukia watu, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu sitini na tatu: "Haya, na mimi nani atanirudisha nyumbani?"

Na hakuondoka pale. Alibaki amesimama, sikio upande wetu, anangoja. Desmond, ambaye naye alikuwepo nilipoisimulia ile hadithi, alisahau kidole chake akamgeukia Wilf. Sote tulimtazama Wilf. Mdomo wake haukufunguka. Jibu, mzee, nikasema moyoni, jibu hata uongo.

Kisha nikaona mikono yake imetoka chini ya blanketi. Akainyanyua, ule wa kulia juu ya ule wa kushoto, akashika hewa, akavuta. Akabadilisha mkono, akavuta tena, taratibu, kwa uzito, kama mtu aliyeshika kamba nene kweli. Desmond akashtuka, akabonyeza kitufe, na pazia likashuka sawasawa na mikono ya Wilf mpaka likagusa sakafu.

Makofi yalilipuka kule nje. Ndani, Thelma alikuwa ameliegemea pazia, kofia imeangushwa, analia kwa sauti ya chini. Hakuiona mikono. Alichokijua ni kwamba ameuliza na hajajibiwa. Nilitaka nimwendee, lakini Wilf alinivuta mkono wa gauni.

"Yule mama," aliniambia.

"Mama yupi?"

"Wa kofia. Amewauliza watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Si vizuri." Alikuwa ameudhika kweli. "Ana mtu?"

Nikamsukuma kwenye kiti chake mpaka jukwaani, mbele ya Thelma, nikasema, "Muulize mwenyewe."

Thelma akanyanyua uso. Safari hii nywele zilikuwa nyeupe bila unga. Wilf akavua kofia yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu majira ya baridi.

"Samahani, mama," alisema. "Hatujuani. Lakini kama huna mtu, nitakurudisha mimi."

Nje walikuwa wanapiga miguu chini, wanamtaka Thelma atoke. Saskia alikuwa anapunga mikono kama mwendawazimu. Thelma hakumwona mtu mwingine.

"Sina mtu," alijibu.

"Basi ningoje kidogo," Wilf akasema, akageuza shingo kuutazama upande wa kushoto. "Nifunge kamba kwanza."

Nikamrudisha pale pale, Thelma ameushika mkono wa kiti, tukamngoja aifunge.