Kiti cha Bure Clintonville

Jumanne asubuhi, nikienda kazini kwa miguu, nilimkuta mama mmoja Mkongo akikizunguka kiti. Kilikuwa kiti kizuri cha sebuleni, cha kitambaa cha kijani, kimewekwa kando ya njia na karatasi inayosema ni cha bure. Huku Clintonville, ughaibuni, watu huondoa hivyo vitu wasivyovitaka.

Mama alikibonyeza kwa kidole kimoja, kisha akakipangusa kidole kwenye kitenge.

"Chukua tu, mama," nikamwambia. "Ni bure."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekitega pale.

"Bure? Bon, kiti muzuri hivi, banatupa juu ya nini? Mutu alikufia humu."

Nikacheka. Nikamwambia mambo hayo tuliyaacha nyumbani. Aliweka kiganja juu ya kiti, akafumba macho na kukemea pepo kwa jina la Yesu mpaka pazia la nyumba iliyo mbele yetu likafunguka. Mwenye nyumba alituchungulia, simu mkononi. Naye hakutuamini.

"Amina," mama akasema. "Sasa nisaidie kubeba."

Tulikibeba hadi kwake, jengo la pili. Tulipokitua sebuleni, alirudi nyuma hatua mbili, akanikaribisha kwa mikono yote miwili.

"Kaa wewe kwanza, baba."

Nilikitazama kiti. Nikamwambia nimechelewa kazini, ingawa nilikuwa na nusu saa nzima.

Nanyi mnaonicheka, nasikia kiti bado kiko pale sebuleni kwa mama na hakuna aliyekikalia. Karibuni.