Verni ya Sanduku la Mado

Tarehe tisa mwezi wa tano nilimpoteza mke wangu, Mado. Mimi ni seremala hapa Kolwezi, na sanduku lake la kuzikiwa nililitengeneza mwenyewe kwa mukula, mti mwekundu alioupenda. Nilijaribu mafuta kwenye kipande, kikawa cheusi. Verni ya alkoli, ile ya kung’arisha mbao, ilikiacha kingine chekundu kama siku mti ulipokatwa, basi nikapaka hiyo, mara tatu.

Asubuhi, kwenye kilio, shuka jeupe lililofunika sanduku lilianza kutoa madoa mekundu, moja baada ya lingine, upande wa kichwa. Wanawake wakaacha kuimba.

“Damu,” mtu akanong’ona.

Nami, fundi wa sanduku lile, nikapiga magoti. “Mado, unisamehe! Mashini yako ya kushona haikuibwa. Ni mi nilimupatia dada yangu.”

Shemeji yangu akagusa doa, akanusa kidole. “Tata, hii haina damu. Ni verni yako, haiyakauka. Inatosha rangi ya mukula, inaileta kwenye shuka.”

Mama mkwe, ambaye ndiye aliyemnunulia Mado mashini ile, alinitazama. “Tata, dada gani?”

Dada yangu, aliyekaa kando yake mkekani, akaanza kutafuta viatu vyake.