Siku Saba za Osea Mbonile

Osea Mbonile wa Igamba hakuwa mtu wa mambo ya nusunusu. Akipeleka kahawa yake kupimwa, alisimama mbele ya mzani mpaka mshale utulie kabisa, wenzake nyuma yake wakiguna. Na kwa Mungu naye alitaka hivyohivyo. Kwa miaka miwili moyo ulikuwa ukimwambia kwamba ameitwa kuhubiri, lakini moyo ni moyo, alisema, leo hivi kesho vile. Alitaka jibu ambalo hata mkewe Jenista asingeweza kulibishia.

Alimwendea Mchungaji Yesaya. Mchungaji alimsikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akamshauri asiwe na haraka: aendelee na kwaya, atembelee wagonjwa, awaulize wanaomjua wanaona nini kwake. Ushauri mzuri kabisa, na Osea aliuona mwepesi kama uji wa hospitali.

Mwishoni mwa mwezi wa sita alikwenda Tunduma kununua turubai la kufunikia kahawa, akajikuta kwenye mkutano wa maombi karibu na stendi. Mhubiri, aliyeitwa Hezron, alinyoosha kidole kwenye umati akasema yupo mwanamume mwenye shati la bluu ambaye Mungu amemwekea uponyaji mikononi. Mashati ya bluu yalikuwa mengi siku ile, lakini aliyetetemeka ni Osea. Baada ya mkutano Hezron alimwambia aanzie nyumbani kwake, kisha arudi na ushuhuda.

Nyumbani kulikuwa na Witness, binti yake wa miaka kumi na sita, mpole, mchapakazi, mwenye kifafa tangu darasa la pili. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na kwa miaka mitatu hakuwa ameanguka. Kwa hiyo, tuseme ukweli, hapakuwa na miujiza ya kutafuta pale; dawa ilikuwa ikifanya kazi yake kimyakimya. Osea hakuliona hilo. Jumapili baada ya ibada alimwekea bintiye mikono kichwani, akachukua kopo la vidonge akalitumbukiza chooni. Jenista alilia, akamwambia atamuua mtoto. Osea akamjibu kwa upole kwamba anaomba siku saba tu.

Kisha akafanya kosa ambalo mcha Mungu wa huku ndiye hasa wa kulifanya. Kwetu mtu huomba kwa sauti. Anayeomba chinichini huonekana kama anamwonea Mungu aibu. Kila asubuhi Osea alisimama katikati ya mibuni akapaza sauti.

"Baba, Witness asipoanguka siku hizi saba, nitajua umeniita. Akianguka hata mara moja, nitanyamaza, sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Kutoka pale hadi nyumbani ni hatua thelathini. Witness alikuwa jikoni akichochea moto, akasikia kila neno.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Siku ya tatu Witness alitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, akasema jino linamsumbua. Siku ya nne aliomba aachiwe peke yake kazi ya kuosha kahawa mtaroni, kule chini kwenye migomba, ingawa maji ya Julai huku hukata vidole kwa baridi. Jenista alimtazama akishuka na ndoo, khanga ameivuta mpaka viwiko vikafunikwa. Alimwambia mumewe kwamba mtoto ana rangi mbaya. Osea alisema ni baridi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo, akiimba besi hata akigeuza kahawa kwenye chanja, na furaha ile ilimtisha Jenista kuliko kitu kingine chochote.

Siku ya sita Hezron alipiga simu kuuliza. Osea akamwambia imebaki kesho tu.

Kesho yake, Jumamosi mchana, alishuka mtaroni mwenyewe kumwambia bintiye kwamba watakwenda Tunduma pamoja, asimame mbele ya watu wamwone. Aliikuta ndoo imepinduka, kahawa imemwagika. Witness alikuwa kifudifudi ukingoni, nusu ya uso ndani ya maji, miguu ikipigapiga tope. Osea alimvuta, akamlaza kwa ubavu. Khanga ilipofunguka akaviona viwiko: vidonda vibichi juu ya vidonda vya juzi. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na alama ya moto, kubwa, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiosha wala kuipaka dawa.

Ilichukua muda mrefu mpaka macho ya binti yakatulia.

"Hii ni ya ngapi?" Osea aliuliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

"Sijui, baba. Nilikuwa nahesabu, nikaacha." Akamshika mkono, ulimi wake umevimba, maneno yakitoka kwa shida. "Sema hujaiona. Zimebaki saa chache tu. Usimwambie Mungu."

Osea alimbeba mgongoni hadi barabarani, analia kama mtoto, wala hakujali nani anamwona. Jenista aliwakimbilia, wakapanda bodaboda, Osea nyuma ya dereva, binti katikati, mama akimshikilia kwa nyuma, na kabla ya kufika zahanati kifafa kilikuwa kimemshika tena mara mbili. Muuguzi alimlaza, akatazama vile viwiko, kisha akawageukia wazazi.

"Nani alimwachisha dawa?"

"Mimi," alisema Osea.

"Na wewe nani alikuambia umwachishe?"

Osea alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, amelibeba kwa miaka miwili. Kitandani Witness alikuwa anamtazama, anangoja alitamke.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

Muuguzi akageuka kutafuta sindano, na kabla hajaipata, visigino vya Witness vikaanza kugonga chuma cha kitanda.