Kitambaa cha Mama Aramata

Djegane Sene alilinda kizuizi cha kamba mpakani Seleti miaka mingi, na hakuwahi kupokea hata kuku wa mtu. Namtaja kwa sababu wapo wanaodhani askari anayeshika sheria hana utu.

Mwaka ule serikali yetu ya Senegali na ile ya Gambia zilikosana juu ya ushuru wa kivuko. Mpaka ukafungwa, hata kwa waendao kwa miguu. Waliogombana walikula chakula chao cha jioni kama kawaida. Sisi wa Seleti, wenye shangazi ng'ambo na mashamba huku, ndio tuliofungiwa njia.

Asubuhi moja alifika Mama Aramata Badjie kutoka upande wa Gambia, amebeba kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Dada yake alikuwa amefariki upande wetu, na angezikwa baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu Wajola, maiti haendi kaburini bila kitambaa cha ndugu wa damu, na ndugu aliyebaki ni yeye peke yake.

Vijana wa pikipiki wakamnong'oneza kuhusu njia ya porini. Akawajibu kwamba hatakwenda kumzika dada yake kwa kujificha kama mwizi wa mbuzi. Akamwendea Djegane, ambaye ni Mserere, mtani wake.

"We mtumwa wangu, shusha kamba."

"Mtumwa nani? Si nyie mnaouza mama zenu kwa sahani ya wali?"

"Kelele, mla uwele. Dada yangu ananisubiri."

Djegane akakitazama kile kitambaa. Wazee husema Mserere na Mjola ni watoto wa dada wawili waliopotezana mtumbwi wao ulipopasuka. Mtani hanyimwi kitu, sembuse siku ya msiba. Wengi wangefumba jicho na kujiita wema. Yeye alikuwa ameapa kushika sheria.

"Mama, kamba siishushi. Nipe kitambaa. Mtani naye huzika."

Akamwomba mkubwa wake ruhusa, akavua sare, akapanda baiskeli.

Nilikuwapo mazikoni. Alifika anatiririka jasho, akamfokea marehemu: "Amka, mvivu wewe, mpunga haujatwangwa." Wanawake wakacheka huku wanalia. Kisha akakitandaza kitambaa juu ya jeneza kwa mikono yake.

Mama Aramata alikuwa bado amesimama kwenye kamba Djegane aliporudi. Akamuuliza kama walimtania dada yake vizuri.

"Tulimtania, Mama. Hakunijibu."

Ndipo Mama Aramata akakaa chini, akalia. Djegane, upande wake wa kamba, akakaa chini naye.