Vidole Vitatu

Fundi cherehani wa kona ile huongea na pini mdomoni, na wateja wamezoea kumwelewa hivyohivyo. Upindo haupimi kwa tepu. Anaweka vidole vitatu, anapiga chaki, anaguna, basi. Siku hizi anafundishwa Kiingereza na mwalimu jirani, na neno la wiki hii ni "hem". Kila akikunja kitambaa analitaja kwa mbwembwe, hata kama dukani yuko peke yake.

Jana mwalimu alileta sketi ya shule ya bintiye, aliyoishona fundi huyuhuyo. Imeshakuwa fupi, akataka ashonewe nyingine, na papo hapo akaamua kumtahini.

"Haya fundi, hem ni nini?"

"Upindo, mwalimu. Ukingo wa nguo uliokunjwa ndani ukashonwa."

"Hewaa! Maana unayo. Matumizi je?"

Fundi akatema pini zote kiganjani, heshima asiyompa mteja yeyote. Akaigeuza sketi, akafumua uzi, na nguo ikashuka vidole vitatu, sehemu ile ikiwa bado na rangi mpya kabisa.

"Hem ndiyo hapa," alisema, "nilipomwekea mwanao urefu wa mwaka huu, tangu mwaka juzi."