Baiskeli ya Mama wa Kichina wa Ghorofa ya Tatu

Jirani yangu wa Koekelberg, mtaa ninaoishi huku ughaibuni, alikuwa mama wa Kichina, miaka sabini na ushee, mwembamba, na kila asubuhi alikwenda sokoni kwa baiskeli. Inyeshe isinyeshe, yeye huyo! Alivaa koti la mvua pana lililofunika mpaka kikapu cha mbele, vitunguu vyake visilowe. Kwao, alinieleza kwa Kifaransa cha kuokoteza kama changu, kila mtu alikwenda kazini hivyo, na mumewe alimbeba nyuma miaka yote, amekaa upande, mikono mapajani.

Siku moja nilikosa basi la kurudi nyumbani. Akatokea, akapigapiga kiti cha nyuma: panda. Akanionyesha wanavyofanya kwao. Yeye aanze kukanyaga, mimi nimfuate mbio hatua tatu nne, kisha nijirushe. Abiria hakai kabla baiskeli haijashika mwendo, alisisitiza, atamwangusha mwenzake.

Pale kituoni walikuwepo Wakongo wawili tunaofahamiana. "Maman, utavunja velo ya mutu!" mmoja akatania. Mwili ninao, sikatai, lakini kiburi kikanipanda. Mimi nikimbizane na baiskeli mbele ya hawa? Thubutu! Nikajibwaga kitini kabla hajakanyaga. Masikini yule mama alijitahidi, tukayumba mpaka tukakata kona ya mtaa wetu, tukaanguka wote wawili mlangoni kwetu. Mkono wake ukavunjika.

Binti yake, anayeishi naye, aliteremka mbio. Kwa muda mrefu alikuwa anatafuta sababu ya kumwachisha baiskeli, akidai kwa uzee hawezi tena kujisawazisha. Akaniuliza: alikuwa peke yake? Nami, mtu mzima na akili zangu, nikajibu kwa macho makavu kwamba nilimkuta ameshaanguka.

Binti akamgeukia mama yake, akamuuliza vilevile. Mama akaitazama soksi yangu ndefu iliyochanika gotini, akanitazama usoni. "Peke yangu," akasema.

Wiki ile ile baiskeli ikagawiwa kwa watu. Mkono ulipopona, yule mama akawa anakwenda sokoni kwa miguu, mfuko begani, anapumzika kila baada ya nyumba chache. Nikimwona kutoka dirishani mwangu nilirudi nyuma ya pazia. Loo, mwanamke mzima kujificha nyuma ya pazia!

Mwishowe nikapanda ghorofa ya tatu, kwao. Nikamwambia binti kila kitu, mama yake ameketi pale pale akichambua maharage mabichi: kwamba nilikuwa nyuma, kwamba nilikaa kabla ya wakati, kwamba mama yake hana kasoro yoyote, mrudishieni baiskeli. Nilikuwa tayari kufukuzwa.

Binti akazungumza na mama yake Kichina. Mama hakuacha maharage yake. Kisha akajibu kwa Kifaransa, polepole, nami nielewe.

"Nilikuwa peke yangu. Huyu ananionea huruma tu."

Nikasema sivyo, wallahi sivyo. Nikafunua mguu kuonyesha kovu. Binti akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru: majirani wenye moyo kama wangu ni wachache mjini hapa. Akaniwekea kiti, akanimiminia chai.

Nikainywa. Nilitamani mmoja wao anitukane.